Kirusi, virusi, na Mrusi aliyechuja majani ya tumbaku

ULIZA MAMA MAABARA

Mbukwenyi. Kwa aliye mgeni wa safu hii: nilikuwa fundi sanifu wa maabara za mifugo hapa kanda ya kati hadi nilipostaafu. Sasa niko Dodoma mjini, na mizabibu michache nyuma ya nyumba na simu isiyopumzika. Tangu mvua zianze maswali mengi yananijia kuhusu neno moja tu, kila mtu kwa sababu yake. Nimeyachagua haya nikayaweka pamoja. Swali la mchwa wa Hombolo lisubiri toleo lijalo, mwenye swali anisamehe.

*

"Shikamoo Mama Maabara. Nipo kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa Baiolojia akitufafanulia kwa Kiswahili husema kirusi kimoja, virusi vingi. Babu yangu, ambaye ni mwalimu mstaafu, aliposikia alicheka sana. Anasema Kirusi ni lugha ya Warusi, na neno virusi halina umoja. Nani yuko sahihi? Na neno lenyewe limetoka wapi?" – Mwanafunzi, Chamwino

Marahaba, mjukuu wangu. Babu yako msalimie, umwambie kicheko chake nimekipenda, ila safari hii mwalimu wako hajakosea.

Neno ni la Kilatini, virus. Warumi walikuwa na maana zake kadhaa, na hakuna hata moja iliyohusu kitu unachosoma darasani. Sumu ya nyoka ilikuwa virus. Utomvu wenye ute na ukali ilikuwa virus. Hata harufu mbaya inayokaba koo waliiita hivyo hivyo. Wataalamu wa lugha wanaliweka neno hilo ukoo mmoja na vish ya Kihindi, ambayo nayo ni sumu. Halikuwa na wingi wa kawaida, kwa sababu lilitaja kitu cha kumiminika. Nani anahesabu maji? Unasema maji kidogo au maji mengi, basi.

Kuna Mrumi aitwaye Celsus aliyeandika vitabu vya tiba yapata miaka 2,000 iliyopita. Anaagiza kwamba mtu akiumwa na mbwa, hasa mbwa mwenye kichaa, virus ivutwe kwenye jeraha kwa chuku. Ndiyo, chuku ile ile ya kuumikia. Babu yako anaijua. Wewe labda unajua kupiga chuku kwa maana ya kutia maneno chumvi. Celsus alifikiri mate ya mbwa yana sumu kama ya nyoka, kwa hiyo ikinyonywa mapema mtu atapona. Karne nyingi baadaye ikaja kubainika kwamba kichaa cha mbwa husababishwa na virusi hasa, hawa tunaowajua leo. Neno lilikuwa limekaa mahali pake tangu zamani likingoja maana yake ije. Lakini mtu akikwambia Warumi walijua virusi, mkatalie. Walijua sumu. (Na chuku haitibu kichaa cha mbwa, tafadhali. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kimbilia chanjo siku hiyo hiyo.)

Neno likaingia mikononi mwa madaktari wa Ulaya, wakalitumia kwa usaha na majimaji yoyote yanayohamisha ugonjwa. Edward Jenner, daktari wa kijijini Uingereza, alichapisha mwaka 1798 habari za ndui ya ng'ombe, na humo anayaita majimaji ya upele ule virus. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameyachukua kutoka mkononi mwa binti mkamuaji, akamchanja nayo mtoto wa kiume wa miaka minane, kisha akamjaribu kwa ndui yenyewe. Mtoto hakuugua. Jambo hilo leo lingempeleka Jenner mahakamani, lakini ndilo lililotupa chanjo. Kilatini cha ng'ombe ni vacca, na Wazungu wakaipa chanjo jina kutokana na huyo ng'ombe. Sisi tukaipa jina kutokana na kuchanja ngozi. Wao walimkumbuka ng'ombe, sisi tukakumbuka wembe.

Hata Louis Pasteur, aliyemchanja mtoto wa Kifaransa dhidi ya kichaa cha mbwa mwaka 1885, alikuwa akisema virus kwa kila kisababishi cha maambukizi, bila kujali ni cha aina gani. Kimeta kilikuwa na virus yake, ingawa tunajua kimeta ni bakteria. Neno lilikuwa gunia.

Gunia hilo lilichanwa na chujio. Mwaka 1884 Charles Chamberland, msaidizi wa Pasteur, alitengeneza chujio la udongo wa kauri usiopakwa rangi wala kung'arishwa, lenye vitundu vidogo kiasi kwamba bakteria hawapiti. Ukitaka kuona mjukuu wa chujio hilo, nenda nyumba yoyote ya zamani ya misheni: lile ndoo la maji lenye mshumaa mweupe ndani, maji yanapita kwenye ukuta wa mshumaa tone kwa tone. Maabara yetu ilikuwa nalo kwa maji ya kunywa. Kazi yangu ya kwanza nikiwa mgeni kazini ilikuwa kuusugua ule mshumaa kwa brashi, maana maji ya kisima yaliupaka utando wa rangi ya chai. Bakteria ulizuia. Chumvi ya maji ya Dodoma ilipita kama kawaida.

Sasa anaingia Mrusi, ndipo babu yako atakapofurahi. Dmitri Ivanovsky alikuwa anachunguza ugonjwa wa tumbaku unaofanya majani yawe na mabaka ya kijani kibichi na kijani kilichopauka. Wakulima wetu wa muhogo ugonjwa wa namna hiyo wanauita batobato. Alisaga majani yenye ugonjwa, akapitisha maji yake kwenye chujio la Chamberland, akayapaka kwenye majani mazima. Yakaugua. Alitoa taarifa hiyo mwaka 1892. Yeye mwenyewe hakuiamini sana: alishuku chujio lina ufa, au kuna bakteria ameacha sumu ndani ya maji. Yaani bado alikuwa na Warumi kichwani.

Mholanzi Martinus Beijerinck akarudia jambo hilo na kulichapisha mwaka 1898. Aliyachukua maji yaliyochujwa akauambukiza mche, akachukua maji ya mche huo akauambukiza mwingine, na kuendelea. Kama ni sumu, ingezidi kupungua nguvu mche hadi mche. Haikupungua. Ilikuwa inazaana, ila ndani ya mmea ulio hai tu. Ukiiweka peke yake kwenye chupa haiongezeki. Akaiita kimiminika hai chenye kuambukiza, na akalitumia kwake neno virus. Mwaka huo huo Wajerumani wawili, Loeffler na Frosch, wakaonyesha kwamba ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe nao unapita chujioni. Kwa miongo kadhaa wataalamu wakawa wanasema "virusi vipitavyo chujio" ili kuvitofautisha na vingine. Vile vingine vilipopata majina yao, ule mkia ukakatwa, wakabaki na virusi tu.

Angalia lakini: Beijerinck bado anasema kimiminika. Hakuna umoja hapo. Umoja ulikuja mwaka 1939, picha za hadubini ya elektroni zilipoonyesha kirusi cha batobato la tumbaku. Kumbe ni vijiti. Kimoja kina urefu wa nanomita 300. Kwenye milimita moja ya rula yako vinapangika zaidi ya 3,000, kimoja nyuma ya kingine. Kitu kilichokuwa kinapimwa kwa kijiko sasa kinahesabika.

Neno lilipotufikia sisi, lilikuwa tayari ni la kitu cha kuhesabika, tena linaanza na vi-. Mswahili akisikia vi- anatafuta ki-. Ndivyo tulivyofanya kwa kitabu cha Mwarabu, kilabu cha Mwingereza na kioski iliyotoka sijui njia ngapi. Kirusi, virusi. Vitamini tu ndiyo imeponea. Sijasikia mtu akimeza kitamini. Kuhusu lugha ya Warusi, inaandikwa kwa herufi kubwa, na ukiongea mtu ataelewa kwa muktadha. Mwambie babu yako kwamba kirusi cha kwanza kilichujwa na Mrusi. Akicheka tena, amekubali.

*

"Mama, nilimpeleka mwanangu wa miaka miwili hospitali, anakohoa, ana mafua na homa. Daktari akampima, akaniambia, mama usiwe na wasiwasi, ni virusi tu. Nilihisi miguu inaisha nguvu. Nililia hadi nje, nikampigia mume wangu simu ya lawama ambayo sasa naionea aibu. Baadaye nesi akanifafanulia ni virusi vya mafua. Na dawa hawakunipa, zaidi ya panado. Hivi ni haki mtu kuambiwa hivyo?" – Mama wa Nkuhungu, Dodoma

Pole sana mwanangu, na pole kwa baba watoto pia.

Daktari alisema kweli kwa maana ya kitabuni, wewe ukasikia kweli kwa maana ya mtaani, na mtaani Tanzania kwa miaka mingi "ana virusi" imekuwa na maana moja. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mwanzoni watu wa kule waliuita Juliana, jina la nguo za magendo zilizovuka mpaka siku hizo. Mwaka huo huo kirusi chenyewe kilipatikana Paris. Kabla ya hapo neno virusi lilikuwa la watu wachache: sisi wa maabara, madaktari, mabwana mifugo. Likatolewa ofisini na ugonjwa huo, kwenye redio, mabango na semina, likaingia kila nyumba. Virusi Vya UKIMWI, VVU. Watu wakafupisha: virusi. Heshima ilipowazuia hata hapo, wakasema ngoma, wakasema mdudu, wakasema fulani kakanyaga miwaya.

Neno pana likawa jembamba kama uzi. Ukiuliza mtu wa rika langu mafua yanaletwa na nini atakwambia vumbi na baridi ya Juni. Surua? Upepo. Virusi vilikuwa na nyumba moja tu.

Korona ilipofika, mwaka 2020, neno likafunguliwa tena kwa nguvu. Ghafla virusi vikawa vinazungumzwa kwenye daladala, na vinasalimiwa kwa kugonganisha miguu, wala hakuna aliyemtazama mwenzake vibaya. Kifupi UVIKO kimebeba neno hilo tumboni: ugonjwa wa virusi vya korona. Kwa vijana, virusi ni jambo la jumla. Kwa wengi wetu bado linagonga pale pale pa zamani, hasa mtu akiwa na mtoto mgonjwa mapajani.

Kwa hiyo swali lako la haki: hakukukosea adabu, ila hakumaliza sentensi. Kwa Kiswahili cha kwetu virusi lazima viwe vya kitu. Vya mafua, vya surua, vya homa ya ini. Mtu akikukatia hapo, muulize: virusi vya nini? Ni swali halali kabisa, nawe wala hutaonekana mbishi.

La dawa nalo lina historia hiyo hiyo ndani yake. Vidonge vya rangi mbili ambavyo majirani wamekwambia ukanunue duka la dawa vinashambulia bakteria: vinaharibu ukuta wa seli yao au mitambo yao ya ndani. Kirusi hakina ukuta huo wala mitambo hiyo. Kinatumia ya mwanao. Ukimpa antibayotiki kwa mafua unawazoesha dawa bakteria waliokaa kimya tumboni, siku akihitaji kutibiwa kweli dawa zinagoma. Mpe maziwa yako kama bado ananyonya, maji, uji mwepesi, panado kwa kipimo alichoandikiwa. Ukiona anapumua kwa kasi, mbavu zinabonyea, anakataa kunywa au amelegea, rudi hospitali usiku huo huo. Hapo usisubiri gazeti.

*

"Mama Maabara, sisi tuliosomea Kiswahili tunaumwa masikio. Redio moja inasema virusi vinaenea, nyingine virusi wanaenea. Na wewe mwenyewe katika safu hii nimekukuta ukisema vyote viwili. Shika moja." – Mwalimu wa sekondari, Kondoa

Mwalimu, umenibana, na pengine umenihesabia hata katika toleo hili. Swali lako ni zito kuliko unavyolichukulia.

Kanuni unaijua kuliko mimi. Kiumbe hai huchukua a- na wa- hata jina lake likianza na ki-: kiboko amezama, kipofu anapita, viongozi wamechelewa. Kisicho hai huchukua ki- na vi-. Mfano ninaoupenda ni kifaru. Mwenye pembe puani, kifaru amelala. Wa jeshi, wenye mzinga, kifaru kimelala. Jina ni moja, na upatanisho ndio unaokwambia ukimbie upande gani. Kwa hiyo anayesema "virusi wanaenea" ametamka kwamba virusi wana uhai, na anayesema "vinaenea" ametamka kwamba hawana. Nimeandika hawana. Unaona?

Wanasayansi nao walivutana juu ya hilo hilo kwa miaka, bila ngeli za kuwabana. Beijerinck aliweka neno "hai" kwenye jina. Mwaka 1935 Mmarekani Wendell Stanley akachukua majani mengi mno ya tumbaku yenye batobato, akayasindika hadi akapata fuwele, sindano ndogondogo nyeupe. Unaziweka kwenye chupa, unafunga kizibo, unazisahau kabatini. Hazili, hazipumui, hazizai. Unaziyeyusha kwenye maji, unapaka jani, jani linaugua. Tangu lini kiumbe hai kikawekwa kwenye chupa kama chumvi ya mawe? Mwaka 1946 Stanley akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel, na tuzo yenyewe ilikuwa ya kemia. Mfaransa André Lwoff, mwaka 1957, baada ya kuchoka na ubishi huo, aliandika kwamba virusi vichukuliwe kuwa virusi kwa sababu virusi ni virusi. Watu huidhani ni mzaha. Alikuwa anakataa kuviingiza kwenye zizi lolote.

Msimamo wangu nausema: naandika vi-. VVU inaniunga mkono, hakuna anayesema Virusi Wa UKIMWI. Dawa zake nazo tunaziita za kufubaza, hatusemi za kuua, na yeyote aliyechagua kitenzi hicho alikuwa na akili timamu. Bakteria nawapa wa-, maana nimewaona.

Na hapo ndipo ninapoteleza. Kwenye kazi yangu nilimwona mdudu wa ndigana kali mara nyingi sana: unachukua majimaji ya tezi ya ng'ombe, unapaka kwenye kioo, unatia rangi ya Giemsa, unaweka tone la mafuta, unachungulia, na yule pale ndani ya seli, vidoa vya zambarau. Kimeta nimekiona, vijiti vimejipanga kama behewa. Kirusi sijawahi kukiona kwa macho yangu hata siku moja, nimestaafu bila kukiona. Hadubini ya kawaida haikifikii.

Mwaka 2007, mvua kubwa zilipoleta mbu na homa ya Bonde la Ufa ikaipiga Dodoma, tulikuwa tunapita kwenye maboma kuchukua damu. Ugonjwa wenyewe ulitambulika Kenya, karibu na Naivasha, mwaka 1931, kwa njia ile ile ya chujio. Boma moja upande wa Bahi mbuzi wote wenye mimba walikuwa wametupa. Vitoto vimelala kwenye matope, mama zao wanavinusa. Mzee mwenye boma akatazama ninavyojaza vichupa na kuvipanga kwenye kasha la barafu, akauliza kama nikifika kazini nitamwona huyo mdudu. Nikamwambia hapana, Mzee, huyu haonekani, ila damu inaacha dalili kwamba alipita. Akanyamaza, kisha akasema, basi huyo ni mwizi, si mdudu. Niliandika namba ya boma kwenye kichupa na tukaendelea. Watu zaidi ya 100 walifariki nchini msimu ule. Ukikaa kwenye boma kama lile, mwalimu, mdomo unatoka wenyewe: wameua, wamerudi, wanakaa kwenye mbu. Hakuna anayesema vimeua.

Kwa hiyo nikiandika nitajitahidi vi-, nikisimulia usinisahihishe.

*

"Mimi ni fundi simu karibu na stendi. Mteja akileta simu nzito namwambia ina virusi. Juzi mama mmoja akauliza akiishika ataambukizwa? Nilicheka lakini nikakosa jibu la kwa nini tunaviita virusi." – Fundi, Dodoma mjini

Haambukizwi, hata akiilamba. Jina lilitokana na tabia. Mwaka 1983 mwanafunzi wa Marekani, Fred Cohen, alionyesha programu inayojipenyeza ndani ya programu nyingine na kujinakili humo, ikitumia nguvu za mwenyeji wake. Mwalimu wake, Leonard Adleman, ndiye aliyependekeza iitwe virus. Miaka mitatu baadaye ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, wakatoa kirusi kilichozunguka dunia kwa disketi. Kwa hiyo kipimo chako kiwe hiki: inajinakili yenyewe? Ile fleshi ya kwenye stationeri inayogeuza mafaili yako yote kuwa njia za mkato na kuhamia kompyuta inayofuata, hiyo ina haki ya jina. Simu ya mama huyo, nahisi, imejaa picha za "asubuhi njema" na programu za matangazo alizobonyeza bila kujua. Sema imejaa. Utalipwa pesa ile ile.

Wazungu wamelivuta neno hilo hadi kwa video inayotazamwa na watu wengi. Hilo Kiswahili hakijalipokea; kwetu video husambaa. Nadhani ni kwa sababu ya yale niliyomwambia mama wa Nkuhungu. Nani atafurahi kusikia wimbo wake umekuwa na virusi?

*

"Karanga zangu zimedumaa, majani madogo yamejikunja na kuwa ya njano, hazizai. Bwana shamba kasema ni virusi. Ninyunyize dawa gani?" – Mkulima, Kongwa

Hakuna dawa ya kunyunyizia kirusi, ndugu yangu. Usimpe mtu hela yako. Huo unaitwa roseti, na si mgeni: Mjerumani Zimmermann aliuelezea katika nchi hii hii mwaka 1907, kabla hata mtu hajajua kwamba ni virusi. Unabebwa na vidukari, wale wadudu laini wanaojazana kwenye ncha za mmea. Iliyodumaa haitapona mwaka huu. Mazao ya maotea yaliyobaki baada ya kuvuna yang'oe yote, kwa sababu ndiko ugonjwa unakojihifadhi. Msimu ujao panda mapema mvua zikishika, na usiache nafasi kubwa kati ya shina na shina, maana vidukari hupenda kutua kwenye shamba lenye udongo wazi. Mbegu zinazovumilia roseti wanazishughulikia kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara. Mwambie bwana shamba akuulizie sasa, Desemba utakuta foleni.